Whitefield: Mtaa unaoandikia dunia programu huku ukinunua maji kwa lori

Machi 2024, wasimamizi wa mtaa mmoja wa wenye nazo huko Whitefield, viungani mwa jiji la Bengaluru nchini India, waliwatumia wakazi ilani. Kila nyumba ipunguze maji kwa asilimia 20. Ukipatikana unayamwaga ovyo, faini ni rupia 5,000, ambazo wakati huo zilikuwa kama shilingi 8,000 za Kenya. Na wa kukuchunga ni soja. Ndiyo, soja, sasa apite akiangalia nani anaosha gari kwa mpira na nani anamwagilia nyasi.

Usidhani tunaongea kuhusu mtaa wa mabanda. Hizi ni nyumba za wasee wa mishahara mizito, zenye bustani na bwawa la kuogelea. Lakini mvua za 2023 zilikuwa zimefeli, serikali ya jimbo la Karnataka ilikuwa imetangaza ukame karibu kila pembe, na mifereji ikaanza kukohoa hata nyuma ya geti.

Kama umewahi kusomea mambo ya kompyuta, hata kama uliachia njiani kama mimi, jina Bangalore umelisikia mpaka likakuchosha. Walimu walilitaja vile wahubiri hutaja Kanaani. Nchi ilikuwa maskini, vijana wakajifunza kuandika programu, dunia ikawatumia kazi, mchezo kwisha. Hakuna aliyetuambia wanaishi aje huko. Nimekuwa nikisoma kuhusu mtaa huu kwa muda, na kadri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba hadithi tuliyopewa ilikatwa katikati.

Jina la Mzungu, mashamba ya wimbi

Whitefield iko mashariki mwa Bengaluru, kilomita karibu 20 kutoka katikati ya jiji. Wengi hudhani jina linatokana na uwanja mweupe. Wapi. Ni la mtu: D. S. White, kiongozi wa chama cha watu wa damu mchanganyiko, Waingereza upande mmoja na Wahindi upande mwingine. Watu hawa walikuwa wamekwama katikati. Mkoloni hakuwaona kuwa wenzake kamili, na majirani Wahindi nao waliwaona kama watu wa mkoloni. Mwaka wa 1882 mfalme wa Mysore, Chamarajendra Wadiyar wa Kumi, aliwapa ekari 3,900 wajenge makazi yao wenyewe, walime, wasitegemee tu ajira za reli na posta.

Walichora kijiji chao kwa duara, uwanja katikati, nyumba zikizunguka, kila moja na bustani yake. Barabara za duara la ndani na duara la nje bado zipo na bado zinaitwa hivyo. Wenyeji hupenda kusimulia kwamba Winston Churchill, alipokuwa afisa kijana wa jeshi Bangalore miaka ya 1890, alikuwa akija hapa kwenye hoteli ndogo iliyoitwa Waverly Inn kumfuata binti wa mwenyewe. Inaweza kuwa porojo. Kilicho kwenye rekodi ni kwamba alipoondoka Bangalore aliacha deni la rupia 13 kwenye klabu moja ya jiji, na kitabu cha madeni kimehifadhiwa hadi leo. Wadeni mko wengi, msijione wapweke.

India ilipopata uhuru, wengi wa watu hao walihamia Uingereza, Australia na Kanada. Whitefield ikabaki kijiji cha wazee waliostaafu, mizabibu na mashamba ya ragi. Ragi ndiyo wimbi, ile ya uji. Kule wanaisonga kama ugali, wanafinyanga tonge kubwa na kulimeza na mchuzi bila kutafuna sana. Ukishajua hilo, Bengaluru haionekani mbali tena.

Kazi ilifika kabla ya mabomba

Mambo yaligeuka miaka ya 1990. Serikali ya Karnataka, kampuni ya Tata na wawekezaji kutoka Singapore walishirikiana kujenga bustani ya teknolojia hapo Whitefield, ile ambayo watu wote huiita ITPL. Wazo lilikuwa kali kwa wakati wake. Umeme wa jiji ulikuwa unapotea kila saa, kwa hiyo wakajenga mtambo wao wenyewe wa umeme. Maji, mtandao, mikahawa, ulinzi, vyote ndani ya ukuta. Mteja aliye Ulaya asijue kwamba nje ya geti barabara ni mashimo.

Ilifanya kazi. General Electric ikafungua kituo chake cha utafiti hapo mwaka wa 2000. SAP ya Ujerumani ikaja. Nyingine nyingi zikafuata, na vijana kutoka kila jimbo la India wakafuata kampuni. Na wenye ardhi wakafanya kile ambacho mtu yeyote wa Kitengela au Ruaka angekitarajia: shamba la wimbi likawa ploti, ploti ikawa ghorofa.

Shida ni kwamba Whitefield haikuwa sehemu ya jiji wakati huo. Ilikuwa nje ya mipaka. Mwaka wa 2007 ndipo manispaa za pembeni pamoja na vijiji 110 viliunganishwa na jiji kuwa kitu kimoja. Kufikia hapo maghorofa yalishasimama. Maji ya mto Kaveri, yanayovutwa kwa pampu kutoka kilomita 100 hivi na kupandishwa mpaka kwenye jiji lililo zaidi ya mita 900 juu ya bahari, yalikuwa yakienda kwa mitaa ya zamani katikati. Pembeni kulikuwa na mabomba machache, na mengi ya hayo yalikuwa makavu.

Kwa hiyo kila mtu akaiga ITPL kwa kiasi cha mfuko wake. Mjenzi akachimba kisima cha mashine chini ya ghorofa. Jirani akachimba chake, kirefu zaidi. Mwingine akashuka futi 1,000. Umeme ukipotea, jenereta. Usalama, soja. Shule, ya kulipia. Yaani serikali ndogo ndogo nyuma ya kila geti, na kila moja ikiona imejitegemea. Wote walikuwa wananyonya ardhi ile ile kwa mirija tofauti.

Hapa ndipo mimi huwa nawakatalia wale wanaosema tatizo la Bengaluru ni watu wengi. Watu ni wengi kweli. Sensa ya 2011 ilihesabu zaidi ya milioni 8 jijini, na India haijamaliza sensa nyingine tangu hapo, kwa hiyo idadi ya leo ni makisio tu. Lakini watu hawakuja kwa siri. Walialikwa. Kampuni zilipewa ardhi na punguzo la kodi, mabango yakawekwa, mawaziri wakakata utepe. Wageni waliitwa kabla mtungi haujajazwa.

Maisha ya mpangaji

Tuseme umepata kazi ITPL na una miaka 23. Kwanza unatafuta PG, nyumba ya kulala ya vijana, wavulana kando na wasichana kando. Chumba mnakaa wawili au watatu, chakula kimo kwenye kodi, chapati na dengu, dengu na chapati. Ukisema utapanga nyumba yako, jiandae kisaikolojia. Bengaluru ni maarufu kwa landilodi kudai amana ya miezi kumi. Kumi! Hapa kwetu tukiambiwa ya miwili tunaanza kupiga simu kwa akina shangazi.

Halafu kuna lugha. Wengi wa wageni wanatoka majimbo ya Kihindi, Kitamil, Kitelugu au Kibengali. Lugha ya wenyeji ni Kikannada, na maneno ya kwanza ambayo mgeni hujifunza ni "Kannada gothilla", maana yake "sijui Kikannada". Anayajua hayo tu, anaishi nayo miaka kumi. Unaweza kufikiria vile wenyeji wanavyohisi. Mwishoni mwa 2023 kulizuka maandamano, mabango ya Kiingereza yakavunjwa, na mwaka wa 2024 jimbo likatia nguvu sheria kwamba asilimia 60 ya maandishi kwenye bango la biashara lazima iwe Kikannada. Mimi sishabikii kuvunja bango la mtu. Lakini kama kijiji chako kimegeuka mji ambao huwezi kuagiza chai kwa lugha ya mama yako, hasira hiyo haitoki hewani.

Usafiri nao ni sinema. Kwa miaka Whitefield ilisubiri treni ya metro. Tarehe 25 Machi 2023 Waziri Mkuu Narendra Modi akaja kuizindua, kilomita 13 na ushei kutoka Whitefield hadi Krishnarajapura. Shangwe kubwa. Tatizo moja tu: reli hiyo haikuungana na reli ya jiji. Palibaki pengo la kama kilomita mbili, tena mahali penye msongamano mbaya kupita kote, makutano yanayoitwa Tin Factory. Unashuka treni, unapanda basi, unakaa kwenye foleni, unashuka, unapanda treni nyingine. Pengo lilizibwa Oktoba 9 mwaka huo huo. Ile laini ya zambarau sasa inavuka jiji lote, kilomita 43, na ni haki kusema imewasaidia wengi. Ila ile miezi sita ya treni mbili zisizogusana inakuambia mengi kuhusu jinsi mtaa huu ulivyojengwa.

Ziwa linalowaka moto

Bengaluru haina mto mkubwa, na waliolianzisha walilijua hilo. Kempegowda, mtawala ambaye historia inamtaja kulijenga jiji mwaka wa 1537, pamoja na waliomfuata, walichimba maziwa ya kuvuna mvua na kuyaunganisha kwa mitaro. Ziwa la namna hiyo huitwa kere, na mtaro wake rajakaluve. La juu likijaa, maji yanashuka hadi la chini, na njiani yanazama ardhini na kulisha visima. Si teknolojia ya kutisha. Ni mteremko na subira.

Maziwa mawili makubwa zaidi ya jiji yako upande huu wa mashariki: Bellandur, na chini yake Varthur, lililo jirani kabisa na Whitefield. Mji ulipokua, mitaro ile ya mvua ikawa mitaro ya majitaka. Sabuni, kinyesi, kemikali, vyote vikashuka Bellandur na kuteremka hadi Varthur. Kufikia 2015 Varthur lilikuwa linatoa povu jeupe kama theluji, linapeperuka na kutua barabarani, juu ya pikipiki na nguo za watu. Bellandur likaenda hatua zaidi. Februari 2017 liliwaka moto. Januari 2018 likawaka tena, na wanajeshi wakaitwa kuzima. Ziwa, bana. Maji yanawaka, na kuzimwa yanazimwa kwa maji.

Kazi ya kuyasafisha na kuchimbua tope ilianza baada ya mahakama ya kitaifa ya mazingira kuwabana maafisa. Lakini tope ni nusu ya hadithi. Mitaro mingi ilikuwa imejengewa juu. Septemba 2022 mvua kubwa iliponyesha, maji yalitafuta njia yao ya kale na kukuta maegesho ya magari na vyumba vya chini. Yakaingia. Wakurugenzi wa kampuni walitolewa kwenye majumba yao kwa trekta na maboti ya mpira, na wafanyakazi wakaenda ofisini wamekaa kwenye tela kama magunia ya viazi. Picha hizo zilizunguka dunia nzima.

Sasa fanya hesabu. Septemba 2022, mafuriko. Machi 2024, faini ya kuosha gari. Miezi kumi na minane tu, ardhi ile ile. Maji yaliyowafukuza ndiyo hayo waliyoyakosa. Hayakupata pa kukaa.

Kila mtu na bei yake

Ukame wa 2024 ulipobana, serikali ilisema kati ya visima vyake kama 13,900 vya mashine jijini, karibu 6,900 vilikuwa vimekauka. Naibu Waziri Mkuu wa jimbo, D. K. Shivakumar, alisema hata kisima cha nyumbani kwake kimekauka. Mtu mzima anayesimamia maji ya jiji! Lori la lita 12,000 lilipanda bei hadi likavuka rupia 2,000, na mwezi huo wa Machi wakuu wa wilaya wakaweka bei elekezi: rupia 1,000 kwa lori hilo kama haliendi mbali zaidi ya kilomita tano. Bodi ya maji nayo ikapiga marufuku kuosha magari na kumwagilia bustani kwa maji ya kunywa. Familia 22 zikatozwa faini siku za mwanzo.

Malori yenyewe yanachota wapi? Vijijini, mbele kidogo ya mahali mji unapoishia kwa sasa. Mwenye shamba aliye na kisima kirefu hupiga hesabu: wimbi humchukua miezi, maji yanalipa leo jioni. Anauza maji. Kisima kikikauka, lori linasogea kijiji kinachofuata. Yaani mji unafika kijijini kama kiu, miaka kadhaa kabla haujafika kama barabara.

Na chini kabisa kwenye foleni kuna watu ambao Whitefield haiwezi kuamka bila wao. Kwenye ploti tupu za Thubarahalli na Kundalahalli, katikati ya maghorofa, kuna vibanda vya mabati na turubai za buluu. Wanakaa mafundi wa ujenzi kutoka kaskazini mwa Karnataka, wachambua taka na wafanyakazi wa nyumbani kutoka Bengal Magharibi na Assam. Wanalipa kodi kwa mwenye ploti, kama mpangaji mwingine yeyote. Wao hawanunui lori. Wananunua kwa mtungi, na mnunuzi wa mtungi hulipa zaidi kwa kila lita, hiyo sheria inajulikana kutoka Kibera hadi huko. Kulikuwa na vibanda vya maji ya kunywa ambapo unatumbukiza sarafu ya rupia 5 unapata lita 20. Kwenye ukame vingi vilipandisha hadi 10 na kumruhusu kila mtu mtungi mmoja tu.

Tena wanaishi bila uhakika wa kesho. Januari 2020, upande wa Bellandur, tingatinga za jiji ziliangusha makazi ya aina hiyo kwa madai kwamba wakazi ni wahamiaji haramu kutoka Bangladesh. Wengi walikuwa raia wa India na walikuwa na vitambulisho mkononi. Mahakama Kuu ya Karnataka iliingilia kati na kuipinga hatua hiyo, lakini mabati yalikuwa yameshalala chini.

Wachimbaji wa Mannu Vaddar

Kuna kitu kimoja katika habari hii yote kinachonipa raha. Pembeni mwa Bengaluru, hasa upande wa Sarjapur kusini mwa Whitefield, kuna jamii inayoitwa Mannu Vaddar, wachimbaji wa visima kwa mikono tangu enzi za mababu. Mashine za kutoboa futi elfu zilipokuja, kazi yao ikafa. Sasa imerudi kwa mlango wa nyuma. Tangu 2009 sheria inayataka majengo ya kiwango fulani kuvuna mvua, na njia mojawapo ni kuchimba kisima kifupi kipana cha kurudisha maji ardhini. Mvua ikinyesha, badala ya kukimbilia mtaroni inaingia kisimani na kuzama. Nani anajua kuchimba shimo la futi 20 au 30 bila kuta kuporomoka, ndani ya ua wenye waya na mabomba kila mahali? Hao wazee na watoto wao. Wahandisi wa programu wanasimama juu wakichungulia, mtu wa sululu yuko chini ndiye anayetoa maelezo.

Visima hivyo haviwezi kulisha mji mzima, na mahali ambapo ardhi imefunikwa saruji yote havina cha kunywa. Kwa hiyo macho yote yalikuwa kwa Kaveri. Oktoba 2024 serikali ilizindua awamu ya tano ya mradi huo, lita milioni 775 kwa siku, kwa ajili ya vile vijiji 110 vilivyounganishwa na jiji mwaka wa 2007. Miaka kumi na saba baadaye. Bomba lilipofika, mitaa mingi ya maghorofa haikukimbilia kuunganishwa, kwa sababu ada ya kuunganishwa ni nzito na hukokotolewa kwa ukubwa wa jengo. Wakazi wanabishana kwenye mikutano nani alipe, mwenye nyumba au mjenzi aliyewauzia akiwaahidi maji.

Wale wa turubai za buluu hawamo kwenye mabishano hayo. Fomu ya maji inataka hati ya ardhi, na ardhi si yao. Asubuhi mitungi yao ya rangi bado inapangwa kando ya barabara, kila mmoja na alama ya mwenyewe ili isibadilishwe, ikingoja lori.